Kitufe Kilichoandikwa Sauti Kuu

Zuhura, binti niliyemwachia studio yangu ya Keko, ameniomba niwaandikie ninyi mnaoanza kazi ya kurekodi muziki. Alisema, "Mzee, waandikie mambo ya kiufundi." Nadhani alitaka tu nipate mahali pa kukaa nitulie, maana tangu nistaafu naingia studio kila siku na kuuliza maswali mengi kuliko nilipokuwa kazini. Basi nimekaa, nimetulia, na jambo la kiufundi la kwanza ni kwamba wengi wenu ni wachafu.

Sisemi miili yenu. Mnanukia vizuri kuliko tulivyonukia sisi. Nasema kazi mnazoleta. Wimbo ukisharekodiwa, kila sauti na kila ala inakaa kwenye mstari wake ndani ya kompyuta: ngoma ina mstari wake, gitaa lina wake, mwimbaji ana wake. Anayemiksi ndiye anayeamua nani asikike mbele na nani akae nyuma. Kazi hiyo mnaipenda wote, kwa sababu ndiyo ya kupigiwa picha umevaa hedifoni. Kabla yake kuna kazi nyingine, ya kufungua ile mistari mmoja mmoja, kuipa majina, kutupa takataka na kuweka pamoja vinavyofanana. Sisi tuliiita kufagia. Sijawahi kuona mtu aliyepigwa picha akifagia.

Kijana mmoja wa Tandale, mtu wa singeli, aliniletea flashi akaiweka mezani taratibu kama anayetoa mahari. Ndani yake kulikuwa na wimbo, video ya harusi ya dada yake, mawaidha ya shehe mmoja na nusu ya filamu ya Kihindi. Mistari ya wimbo ilikuwa mingi hadi inatoka nje ya kioo, na majina yake yalikuwa Msela, Msela Mpya, Msela wa Jana na Sijui. Nikamuuliza kiitikio kiko wapi.

"Kimo humo humo, Mzee. We sikiliza, utakisikia tu."

"Na huu mstari unaoitwa Sijui ni nini?"

Akaukodolea macho. "Huo hata mie sijui."

Nilimpenda kwa ukweli wake. Tulishinda mchana kutwa tukimtafuta Msela wa Jana, na mwishowe tukagundua kuwa Sijui ni mama yake akimwita akale, maana maiki ilikuwa imeachwa wazi. Nikamwambia aufute. Hakuufuta, aliuweka mwanzoni mwa wimbo, na ndicho kipande ambacho Tandale nzima ilikipenda. Kwa hiyo msinisikilize katika kila kitu, lakini angalau jueni mama zenu wako kwenye mstari upi.

Aliyenifundisha kufagia ni Fundi Saidi, Mungu amrehemu. Enzi zake zilikuwa za utepe, hakukuwa na kompyuta ya kuandikia majina. Alikuwa akinunua plasta ya kidonda kwenye duka la dawa, anakata vipande, anabandika chini ya vile vitufe vya miksa vya kusukuma juu na chini, kisha anaandika kwa kalamu ya wino: BESI, TARUMBETA, MKE WA BOSI. Muuza duka alimwonea huruma sana akidhani nyumbani kwake kuna mtu mwenye kidonda ndugu. Ukigusa kitufe kabla hajakibandika jina anakuchapa kidole kwa rula na kukuuliza, "Hapo yupo nani?" Kama hujui, unatoa mkono wako unaenda kuchemsha chai. Nimechemsha chai nyingi sana katika maisha yangu ya muziki.

Studio yangu iko nyuma ya karakana ya kaka yangu, fundi makochi na makabati. Sisi ni watu wa Lindi, na kwetu ukoo mzima unachonga au unapiga randa, isipokuwa mimi niliyeonekana mvivu nikaenda kwenye nyimbo. Kuta za studio nimezifunika kwa masalia ya sponji za makochi, na zinazuia sauti vizuri tu, ila randa ya umeme ina tabia ya kupenda nyimbo za taratibu. Nyimbo nyingi za mapenzi zilizotoka Temeke enzi hizo, ukivaa hedifoni ukatega sikio, utasikia kwa mbali kabati la mtu linarandwa. Kwa hiyo kufagia kwetu kulikuwa na maana hasa. Pale mwimbaji alipokaa kimya tulikata, randa ikaondoka.

Nikawa bingwa wa kukata. Nikakata hadi nikamkata Bi Mwanahawa, mwimbaji wa taarabu, mwanamke aliyeweza kukutukana kwa wimbo ukampigia makofi. Alikuja kusikiliza kazi yake, akasimama mkono kiunoni mpaka mwisho.

"Hashimu mwanangu, mie nimekufa?"

"Hapana, mama."

"Sasa pumzi zangu umezipeleka wapi?"

Nilikuwa nimezifuta zote, nikizihesabu kuwa uchafu. Aliimba ubeti mzima bila kuvuta hewa, kama aliyezamishwa. Kilichoniokoa ni kwamba Fundi Saidi alinizoesha kuhifadhi nakala ya kazi mahali pengine kabla sijashika ufagio. Nikaenda kuzirudisha pumzi za watu. Ninyi nanyi, hifadhini nakala kwanza, na pumzi msizikate. Ipunguzeni kidogo ile inayozidi, lakini iacheni, maana msikilizaji anajua mtu anaimba kwa sababu anamsikia akipumua.

Rangi nazo zina mambo yake. Ni vizuri kuipaka mistari rangi, sauti za kike rangi moja, za kiume nyingine, macho yanapumzika. Siku moja nilizipaka sauti za kwanza za kwaya rangi nyekundu, na za pili kijani na njano. Sikuwa na nia yoyote mbaya. Lakini mji huu una timu mbili za mpira zenye rangi hizo hizo, na mechi ilikuwa keshokutwa yake. Tulipoteza asubuhi nzima tukijadili kwa nini nyekundu imewekwa juu. Tangu hapo kwaya zote nazipaka kijivu.

Niwaeleze sasa habari ya kamati, maana vyuoni hamfundishwi. Wimbo wa mtu mmoja ni raha tupu. Wimbo wa kwaya au bendi una kamati, na kamati huja kusikiliza kabla kazi haijatoka. Anakuja mwenyekiti, katibu, mhazini, mlezi, na mtu mmoja ambaye hakuna anayekijua cheo chake ila ndiye anayeongea kuliko wote. Kila mmoja wao anasikia kuwa sauti yake iko chini. Hata mhazini asiyeimba anasikia kuwa iko chini.

Dawa yake nilipewa na Fundi Saidi. Unapopanga kazi, acha kitufe kimoja cha kusukuma ambacho hakijaunganishwa na kitu chochote. Kibandike plasta, andika kwa herufi nzuri SAUTI KUU. Mjumbe akisema "Fundi, niongeze kidogo," unakisukuma juu polepole, uso umeukaza kama aliyebeba trei la mayai. Utasikia, "Hapo sasa!" Nimewasukumia kwaya, nimewasukumia watu wa dansi, nimemsukumia mgombea udiwani aliyeimba wimbo wake mwenyewe. Wote waliniambia hapo sasa, na wote waliondoka wameridhika.

Zuhura alipoanza kujifunza kwangu aliniuliza, "Mzee, si uongo huo?" Nikamwambia ni adabu. Alicheka sana, lakini kesho yake nilikuta ile plasta iliyochakaa imebanduliwa na mpya imewekwa, imeandikwa SAUTI KUU kwa mwandiko mzuri kuliko wangu.

Sasa niwape kisa cha kwaya. Ilikuwa kwaya moja ya Mwananyamala, wengi wao watu wa Mbeya. Mimi ni Mwislamu, lakini nilizijua nyimbo zao hadi mafundi wa kaka wakawa wananiuliza nabatizwa lini. Humo alikuwemo Mzee Ambakisye, mwimba besi, ile sauti nene ya chini, mmoja wa walioianzisha kwaya walipohamia mjini wakiwa vijana. Chumba changu ni kidogo, hivyo besi niliwarekodi wanne kwa pamoja, bega kwa bega, kila mmoja na maiki yake.

Siku chache kabla ya kamati kuja, nilipigiwa simu na katibu wao, Bwana Lusajo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye naye aliimba besi.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, Katibu."

"Kuna ishu kidogo. Jumamosi tukija, utufungulie besi mmoja mmoja. Tunataka tumsikie Mzee Ambakisye peke yake."

"Kwani kuna nini?"

"Tunashuti video, fundi, na sare mpya tushashona. Sie tunaona mzee haimbi siku hizi, anachezesha mdomo tu. Nikimwambia apumzike, watu watasema nimemwonea. Ila akijisikia mwenyewe mbele ya kamati, ataondoka kwa heshima zake."

Hapa niwaeleze msiojua. Kila mstari una kitufe kidogo cha kubonyeza kinachozima mistari mingine yote, ukabaki huo mmoja. Kwa fundi ni chombo cha kutafutia kasoro. Mbele za watu kinaweza kumvua mtu nguo. Ukweli ni kwamba Mzee Ambakisye hakuwa na kitu kingine. Mkewe alikuwa ameshatangulia, watoto wako mikoani, na wiki yake yote ilikuwa inasubiri siku ya mazoezi.

Nikavaa hedifoni nikaanza kufagia. Nikaufungua mstari wake. Walisikika jirani zake wawili kwa mbali, waliopenya kwenye maiki yake. Ilisikika kola ya koti ikisugua. Na alisikika yeye, akinong'ona. Sauti ilikuwa imekwisha, lakini maneno yote aliyatamka, hakuruka hata moja, na mahali pa kuvuta pumzi alivuta kabla kidogo ya wenzake. Nilivua hedifoni. Nilijisikia vibaya, kama mtu aliyechungulia dirisha la jirani.

Halafu, kwa kuwa kufagia ni kufagia, nikaufungua mstari wa Katibu, na moyo wangu ukachangamka. Bwana Lusajo aliimba kwa nguvu na kwa uhakika mkubwa, ila hakuwa ndani ya wimbo. Alikuwa jirani na wimbo, kama nyumba mbili zinazochangia ukuta. Kwenye kundi hukuweza kumgundua, wenzake walimbeba, na nadhani ndiyo maana watu wakabuni kwaya.

Mpangilio wa mistari ni hiari ya fundi, vijana wangu. Mimi kwa kawaida napanga kwa sauti, nyembamba juu, nene chini. Safari hii besi niliwapanga kwa uongozi. Katibu nikamweka juu kabisa. Aliyefuata ni yule mtu wa kamati yao asiye na cheo, ambaye naye, kumbe, aliimba besi. Mzee Ambakisye nikamweka mwisho.

Jumamosi wakaja. Mzee Ambakisye alikaa kwenye kochi ambalo kaka alikuwa hajalivika kitambaa, kofia ameishika magotini. Nilimwamkia, akaniitikia kwa sauti ambayo nusu yake ilikuwa hewa. Alikuwa akiitazama kompyuta kama watu wanavyotazama mlango wa daktari. Nikajua kuwa anajua.

Wimbo ukapigwa. Nikasukuma SAUTI KUU kwa ajili ya mlezi, nikaisukuma tena kwa ajili ya mhazini, wote wakasema hapo sasa. Kisha Katibu akakohoa.

"Mwenyekiti, napendekeza tuwasikilize besi mmoja mmoja, tujue tatizo liko wapi."

Mwenyekiti wao, Mama Tumaini, alishangaa. "Kuna tatizo?"

"Ndo tutalijua hapo."

Mzee Ambakisye akainamisha kichwa.

"Hakuna shida," nikasema. "Hapa studio tunafungua kutoka juu kwenda chini. Wa kwanza ni Katibu."

"We anza na yeyote tu, fundi."

"Utaratibu, Katibu," nikamwambia, nikabonyeza.

Kwaya yote ikanyamaza, akabaki Bwana Lusajo peke yake kwenye spika kubwa. Hata randa huko nje ikazimwa, sijui ni bahati au mafundi nao walikuwa wanasikiliza. Mhazini akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake. Mama Tumaini alijifunika mdomo kwa ncha ya kitenge, mabega yakawa yanatikisika.

"Huyo nani huyo?" akauliza yule asiye na cheo.

"Katibu."

"Mbona kama amepotea njia?"

"Funga, fundi, tumesikia," akasema Katibu.

Nikauacha ubeti umalizike, maana mimi si mtu wa kukatiza kazi.

"Siku ile nilikuwa na mafua," Katibu akasema. Wakampa pole, wote.

"Sasa tumsikie wa pili," nikasema, nikamgeukia yule asiye na cheo.

Naye akanyanyua mkono haraka. "Mwenyekiti, jamani, hivi kwaya ni mtu mmoja mmoja kweli? Au ni umoja?"

Mama Tumaini akafuta macho. "Fundi, waunganishe wote wawe kitu kimoja. Hatujaja hapa kuchambuana kama mchele."

Nikaunganisha pale pale wakiona. Mistari minne ikawa mmoja, nikauandika BESI. Hiyo nayo ni sehemu ya kufagia, kuunganisha vinavyofanana ili anayemiksi asukume kitu kimoja badala ya vinne. Mzee Ambakisye alikuwa humo ndani na pumzi zake zote. Nilihakikisha sijakata hata moja.

Wakati wa kuondoka alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akakaa nao kitambo. "Ndaga fijo, Hashimu," akaniambia. Nilimuuliza Mama Tumaini maana yake, akasema kwa Kinyakyusa ni asante sana.

Katibu hakuwa mtu mbaya, aliitakia mema kwaya yake kwa namna ya watu wenye haraka. Na siku ya video, kama mjuavyo, wimbo hupigwa kwenye spika na kila mtu anachezesha mdomo tu. Mzee Ambakisye alisimama mstari wa mbele ndani ya sare mpya. Kwa kazi hiyo alikuwa na uzoefu kuliko wote, na itazameni hiyo video, hakuna anayeimba vizuri kumzidi.

Limebaki jambo moja, ambalo Zuhura hakuniomba niliandike. Miaka mingi ya spika kubwa na randa imenidai masikio yangu. Daktari ameniambia zile sauti nyembamba za juu zimeshaniaga. Sikumwambia mtu. Niliendelea kuingia studio na kutikisa kichwa pale wengine walipotikisa.

Wiki iliyopita nilimkuta Zuhura anamiksi wimbo wa binti mmoja wa Temeke, na mwenye wimbo ameketi hapo hapo. Nikasikiliza. Nikasema sauti ya huyu binti iko chini, imefifia. Zuhura hakubisha. Aliniachia kiti chake.

"Sukuma mwenyewe, Mzee. Hicho cha mwisho, kulia."

Nikakisukuma polepole. Wallahi ile sauti ilifunguka. Ilitoka mbele, safi, kila neno mahali pake.

"Hapo sasa!" nikasema.

"Mzee ana masikio, jamani," akasema yule binti.

Nikaegemea kiti nimefurahi kama zamani. Kisha nikavaa miwani nione kitufe nimekiacha wapi. Chini yake kulikuwa na plasta ya kidonda, na juu ya plasta, kwa ule mwandiko mzuri, imeandikwa SAUTI KUU.

Nilimtazama Zuhura. Alikuwa anaangalia kioo cha kompyuta, uso ameukaza kama aliyebeba trei la mayai. Iliniuma. Siwadanganyi, iliniuma hadi nilitaka kunyanyuka niende kwa kaka nikashike randa. Halafu nikamkumbuka mzee mmoja kwenye kochi lisilo na kitambaa. Nikakisukuma tena kidogo.

"Ndaga fijo," nikamwambia.

"Ndo nini hiyo, Mzee?"

"Maneno yetu tu," nikasema, "sisi watu wa besi."